Maziwa Aliyoyakataa Osée

Siku Falone alipojuana na Osée, sindano ilikuwa inaning'inia kwenye paja lake, uzi wa njano umeshuka mpaka gotini, na fundi mwenyewe alikuwa amekimbia.

Ilianza hivi. Ilikuwa Jumamosi, soko kubwa la Bunia limejaa watu, na mvua ya asubuhi ilikuwa imeacha matope mekundu kila mahali. Falone alikuwa anapita katikati ya meza na beseni ya samaki wakavu wa Tchomia kichwani. Msumari wa meza ya mtu ukashika kikwembe chake, kitenge alichojifunga kiunoni, ukakipasua toka nyonga hadi goti. Kilikuwa kikwembe kipya, cha njano chenye ndege wa bluu, na Falone alikuwa msichana wa haya. Akabaki amesimama palepale, mkono mmoja juu ya beseni, mwingine juu ya paja, haendi mbele wala harudi nyuma.

"Mama, usitikisike," sauti ikasema. "Ukitikisika, soko yote itaona."

"Miye si mama. Niko mademoiselle."

"Basi, mademoiselle, usitikisike. Ntakushonea ukiwa ndani."

"Ndani ya nini?"

"Ndani ya nguo. Ama unataka kutoka mbele ya hii batu yote?"

Wanawake wa mboga wakacheka. Falone akamtazama kwa pembe ya jicho. Alikuwa mwanaume mrefu, mwembamba, wa miaka thelathini na kitu, shati jeupe, suruali nyeusi iliyopigwa pasi mpaka imesimama kama kisu, na utepe wa kupimia shingoni. Mashine yake ya kushona ilikuwa mahali ambapo hakuna fundi mwingine aliyepataka, mwisho kabisa wa soko, ukutani pa vyoo vya watu wote. Akachuchumaa, akapiga mishono mitano, sita, saba, midogo na safi kama meno ya mtoto. Halafu akaacha ghafla. Uso wake ukabadilika kama wa mtu aliyeitwa kwa jina.

"Ngoja kidogo," akasema, akaenda.

Alikawia. Aliporudi mikono yake ilikuwa imelowa maji, na jasho lilikuwa kwenye paji la uso.

"Ulienda wapi?" Falone akauliza kwa hasira. "Umeniacha na sindano hapa kama kuku ya kuchoma!"

"Kuna mutu aliniita."

"Miye sikusikia mutu."

"Weye haukusikia. Miye nilisikia." Akakata uzi kwa meno. "Kesho utarudi?"

"Kufanya nini? Si umemaliza."

"Rudi tu. Kama nimemaliza, ntafumua nianze tena."

Alirudi kesho yake, na kesho yake tena. Baada ya wiki mbili simu ya Falone haikunyamaza.

"Allô, ndege yangu ya bluu."

"Ni nani?"

"Ni msumari."

"Msumari, wacha nilale, kesho iko kazi."

"Ntakuacha ukisema neno moja tamu."

"Ndizi."

"Falone!"

"Si umesema tamu?"

Hivyo ndivyo walivyopendana, kwa kucheka. Lakini kila mahali walipoenda, Osée alikuwa na tabia zake. Mgahawani alikaa karibu na mlango. Kanisani alikaa benchi ya mwisho. Chai alikunywa nusu kikombe, soda hakugusa, na kwenye jua la mchana, watu wote wakitafuta maji, yeye alilamba midomo yake iliyopasuka akaendelea kushona. Watu wa kanisa wakamsifu. Walisema Osée ni mtu wa kufunga na kuomba, hata pasta hamfikii. Na kila baada ya nusu saa, katikati ya neno, katikati ya kucheka, alisimama: "Ngoja kidogo, kuna mutu ananiita."

"Ule mwanaume iko na bibi ingine," alisema Brigitte, aliyeuza samaki kwenye meza moja na Falone.

"Usianze, Brigitte."

"Mutu anaenda kila saa, anarudi na jasho? Na huyo bibi anakaa karibu sana, maana bwana anarudi mbio." Akapiga makofi. "Fuata, utaona."

Falone alicheka, lakini neno lile lilimkaa kooni kama mfupa wa samaki. Siku moja ya mvua, Osée aliposema anaitwa, akamfuata.

Mlango wa vyoo ulikuwa na mstari wa watu. Osée aliutazama mstari, akazunguka haraka nyuma ya ukuta wa maduka. Falone akachungulia. Hakukuwa na mwanamke. Osée alikuwa amesimama kwenye mvua, paji la uso juu ya matofali, mkono mmoja umeshika ukuta, mgongo unamtetemeka kama mtu aliyebeba gunia. Alisimama hivyo muda mrefu, mrefu sana. Alikuwa anasema kwa sauti ya chini, kama anayemwomba mtu mkubwa, "Toka basi. Toka, nakusihi." Yalitoka matone. Halafu, alipogeuka kuondoka, yakatoka mengine bila kuitwa, ndani ya nguo. Osée akaangalia suruali yake. Akainama, akachota maji ya mvua kwenye mfereji, akajimwagia miguu yote miwili mpaka ikalowa sawasawa.

Falone alikimbia akatangulia mbele. Osée alifika anapiga kelele, "Mvua ya Bunia haina heshima! Angalia imenifanya nini!" Watu wakacheka naye.

"Umelowa," Falone akasema.

"Mvua."

"Njo, ni mvua," Falone akakubali, akaangalia samaki wake.

Hapo alielewa yote: suruali nyeusi, benchi ya mwisho, mashine karibu na vyoo, kufunga kusikoisha. Alitaka kumwambia, "Nimeona, usihangaike." Lakini msichana anaanzia wapi neno kama lile? Kwao halikuwa neno la mdomoni. Akanyamaza, akaita kunyamaza kwake heshima.

Tena lilikuwepo jambo lingine, zito zaidi. Osée alikuwa mtu wa Djugu, mtoto wa wakulima. Falone alikuwa mtoto wa watu wa ng'ombe. Kati ya hawa na wale yalikuwepo makaburi. Bunduki zilikuwa zimenyamaza, watu walinunua tena soko moja na kuimba kanisa moja, lakini kila mtu alichagua maneno kama anayevuka mto kwa kukanyaga mawe.

Baba yake Falone, muzee Augustin, alikuwa na ng'ombe themanini kabla ya vita. Hakubaki hata mmoja. Nyuma ya nyumba yao, Bunia, alijenga zizi dogo la miti kwa ndama watatu aliookoa, na hao nao wakafa. Zizi likabaki tupu. Lakini muzee aliendelea kwenda. Katikati ya chakula, katikati ya sala, alisimama na kusema, "Naenda kuangalia ng'ombe." Mama Alphonsine aliwakodolea watoto macho. "Musimufuate. Baba yenu analia ng'ombe zake." Na nyumba yote ilinyamaza mpaka arudi.

Katika nyumba hii ndimo Osée alimokuja kujitambulisha, Jumapili moja baada ya ibada, pamoja na kaka yake Honoré. Alivaa koti la kijivu alilolishona mwenyewe, na suruali yake nyeusi. Mama Alphonsine alivaa kikwembe chekundu cha sikukuu, na kaka zake, wajomba wa Falone, walikuwa wamekuja. Papa mudogo Michel, ndugu yake muzee, alitoka Tchomia tangu alfajiri. Yeye ndiye aliyempa Falone samaki wa kuuza, na watoto wake wawili wa kiume walikuwa wamekufa vitani. Hakucheka kirahisi.

Maneno yalikuwa marefu. Saa moja ikapita, saa ya pili ikaingia. Ndipo Falone akaitwa alete kibuyu cha maziwa.

Ng'ombe walikuwa wameisha, lakini maziwa hayakuisha heshima. Siku hiyo mama alinunua, akayatia kwenye kibuyu kilichofukizwa moshi. Desturi ya nyumba ile ilikuwa kikombe kimoja cha mti. Mchumba hunywa wa kwanza, mpaka chini, ndipo wengine hufuata. Akiacha, ameonyesha anachowaza juu ya wenye nyumba.

Falone akapiga magoti, akamimina. Aliona midomo mikavu ya Osée, akaona mshipa wa shingo unapiga. Alijua kwamba hakunywa tone tangu jana ili aweze kukaa saa hizi mbili.

"Aksanti sana, papa," Osée akasema kwa sauti ndogo. "Lakini leo nimefunga."

Papa mudogo Michel akaegemea mbele. "Umefunga? Siku ya kuomba bibi?"

"Njo, papa."

"Ama umeona kitu ndani ya kikombe?"

Honoré akaangalia kikombe.

"Miaka ile batu walisema siye tunaweka sumu ndani ya maziwa," Michel akaendelea polepole. "Kumbe bado munaamini."

"Hapana, papa, haiko vile..." Osée akasimama ghafla, akashika koti lake likafunga mbele. "Munisamehe. Narudi sasa hivi."

Akatoka. Muzee Augustin alimfuata kwa macho mpaka mlangoni, tena akaangalia lile koti. Akafungua mdomo kama mwenye kutaka kusema. Akaufunga.

"Anaenda kutapika hata ambacho hakunywa," Michel akasema. Akamgeukia Falone. "Weye njo unamujua. Iko sababu ingine? Sema, tusikie."

Falone alikuwa bado amepiga magoti, kibuyu mikononi. Neno lilikuwa pale, dogo, fupi. Aliangalia macho ya mama yake, ya wajomba, ya Honoré. Uso ukamwaka.

"Sijui, papa mudogo."

Aliponyanyua kichwa, Osée alikuwa mlangoni.

Michel akachukua kikombe, akatoka nje, akamwaga maziwa juu ya udongo. Hakuna aliyehitaji kuambiwa maana yake: posa imekataliwa. Honoré akamshika ndugu yake mkono, wakaenda.

Jioni simu ikalia.

"Ndege yangu, nisamehe," Osée akasema. "Iko jambo sijakuambia. Ntakuambia uso kwa uso, na weye utaelezea ba papa wote wawili."

"Osée, najua."

"Unajua nini?"

"Najua tangu siku ya mvua. Nilikuona nyuma ya ukuta."

Groupe ya jirani, mashine ya umeme, ilikuwa inanguruma nje.

"Ulijua," Osée akasema.

"Njo."

"Na papa mudogo alikuuliza."

"Njo."

"Nilikuwa mulangoni, Falone."

"Nilisikia haya, Osée."

"Haya ya nani? Yangu ama yako?"

Hakungoja jibu. Tangu hapo simu yake ilifungwa, na mwisho wa soko, ukutani pa vyoo, zilibaki alama nne za miguu ya mashine ndani ya matope.

Kosa lina miguu. Neno la Falone halikukaa nyumbani. Wiki hiyo hiyo soko lilikuwa limelipata: mtu wa Djugu amekataa maziwa ya watu wa ng'ombe, ameogopa sumu.

"Leo mama moja ya kwenu amerudisha samaki yangu," akasema Brigitte, naye mtoto wa wakulima, bila mzaha safari hii. "Tunauziana miaka mingapi? Amesema, 'Kama siye tuko wauaji, na nyinyi pia samaki yenu hatujui imewekwa nini.' Falone, hii mambo inaenda wapi?"

Falone akageuza uso. Alijua inakoenda, kila mtu Bunia alijua. Na yeye, kwa neno moja, alikuwa ameipa njia. Usiku hakulala.

Siku ya kumi Honoré alikuja kwenye meza yake. Hakuketi.

"Amenikataza kukuambia. Lakini miye si yeye. Iko Nyankunde, hospitali."

Falone akashika ukingo wa meza.

"Ile siku alishikilia sana hapo kwenu. Usiku mukojo ukafunga. Hata tone. Siku mbili, Falone, tumbo kama ngoma, analia kama mutoto. Waganga wa hospitali wamemupasua hapa chini ya kitovu, wakaweka mupira ya kutoa mukojo." Honoré akapangusa uso. "Wakati wa kukimbia vita alianguka toka juu ya lori, mifupa ya nyonga ikavunjika. Njia ya mukojo imebaki nyembamba kama uzi. Miaka yote hii anajificha. Batu walimuita mulevi, walimuita mulokole, walimuita malaya. Alicheka tu. Lakini mutu ya chuki hawakuwahi kumuita. Wala muoga."

Akaenda. Falone akavua aproni, akamwachia Brigitte samaki, akatembea mpaka nyumbani bila kuona njia. Alikuwa ameamua kumwambia baba yake yote, hata kama angefukuzwa.

Baba hakuwa ndani. "Iko kwa ng'ombe zake," mama akasema. "Falone! Musimufuate!"

Akamfuata. Akazunguka nyumba, jua la saa nane likiwa juu ya zizi tupu, na hapo akasimama.

Muzee Augustin alikuwa amesimama ndani ya zizi, paji la uso juu ya mti wa uzio, mkono mmoja umeshika mti, mgongo unamtetemeka. Kama vile. Sawasawa kama vile.

Falone akageuka, akampa mgongo, akangoja. Kuku walipita. Muda mrefu ukapita.

"Nani alikuambia unifuate?" sauti ya baba ikatoka nyuma yake.

"Papa, hakuna ng'ombe."

"Najua hakuna ng'ombe."

"Basi tangu lini?"

Muzee akaketi juu ya gogo, akafunga vifungo vyake taratibu. "Miaka saba. Uzee."

"Mama anajua?"

"Mama yako anajua nalia ng'ombe. Alisema yeye mwenyewe, nikamuacha aamini. Mwanaume kulilia ng'ombe, ile iko na heshima."

Falone akapiga magoti kwenye vumbi, akasema yote. Ukuta na mvua, suruali, kikombe, "sijui" yake, mpira tumboni. Baba alisikiliza akitazama chini.

"Ile siku," akasema mwishoni, "alivyoshika koti, nilimujua. Miye pia nashika koti vile. Nilitaka kusema, 'Muache mutoto, Michel.' Nikaona kila mutu ataniuliza nimejuaje." Akatikisa kichwa. "Weye uko mutoto, uliogopa. Miye niko muzee mwenye nyumba. Sijui nani kati yetu amemwaga ile maziwa."

"Siye wote, papa."

"Leta simu."

Namba ya Osée ilikuwa imefungwa, wakapitia kwa Honoré. Muzee alishika simu mbali na sikio kama kitu kinachouma.

"Allô! Allô! Unasikia? Hapa Augustin, papa ya Falone. Hapana, usiseme samahani, nyamaza kwanza, nina maneno machache na nikingoja ntahitaji kutoka." Akavuta pumzi. "Mutoto yangu, ile kikombe hata miye siimalizi. Unasikia? Hata miye." Akasikiliza. Akacheka kicheko cha ajabu, machozi yakimshuka. "Kumbe na weye kila mahali unahesabu milango ya kutokea! Nilifikiri niko peke yangu." Akampa Falone simu, akaondoka kwa adabu.

"Osée."

Falone akaegemea uzio wa zizi.

"Osée, ile haya ilikuwa yangu. Nilijiogopea miye, si weye. Kama hautaki kunisamehe, nitaelewa."

"Ntarudi Bunia wakitoa huu mupira," akasema. Sauti ilikuwa dhaifu. "Papa mudogo yako atauliza tena. Batu watakuwa pale. Utasema nini?"

"Weye unataka niseme nini? Siri ni yako."

"Nimechoka nayo. Nimeibeba kuliko mashine." Akauliza tena, "Utasema?"

"Nitasema."

"Neno lenyewe? Hautazunguka?"

"Lenyewe."

"Tutaona," Osée akasema, na hakumwita ndege.

Wiki sita baadaye walikaa tena sebuleni. Osée alikuwa amekonda, koti la kijivu linamcheza mwilini. Madaktari walikuwa wamepanua njia, lakini walimwambia atarudi kila baada ya miezi, pengine maisha yote. Papa mudogo Michel alikuja kwa sababu kaka yake alimwamuru, akaketi mikono imefungwa. Falone alivaa kikwembe cha njano cha ndege wa bluu, mshono mdogo ukionekana kwenye paja. Akapiga magoti, akamimina maziwa.

Osée alikunywa mafunda mawili. Akaweka kikombe chini.

"Bado iko maziwa ndani," Michel akasema.

Kabla mtu hajajibu, muzee Augustin akasimama. "Naenda kuangalia ng'ombe." Akamgeukia mgeni. "Na weye, mutoto yangu, kuja. Ni karibu."

Osée akasimama. Wakatoka, mzee mbele, kijana nyuma.

"Ng'ombe gani?" Michel akafoka. "Zizi iko tupu! Ni kitu gani hii? Falone!"

Mama, Honoré, wajomba, wote walimtazama, kama siku ile. Falone aliweka kibuyu chini.

"Wameenda kukojoa, papa mudogo."

Mama Alphonsine akashika mdomo.

"Wote wawili wako wagonjwa ya mukojo. Papa miaka saba, Osée tangu vita. Osée akikunywa, hawezi kukaa. Njo sababu hakukunywa. Haikukuwa sumu, haikukuwa kabila. Uliniuliza, na nilijua, na nikakudanganya. Ile maziwa ulimwaga kwa sababu yangu."

Machozi yalimtoka, lakini hakuinamisha uso. Michel alitazama kikombe. Alitazama mlango. Alikunja mikono, akaikunjua, akakohoa. Mwishoni akachukua kikombe kile cha Osée, akanywa yaliyobaki, mpaka chini, akampa Honoré kikombe kitupu ajaziwe.

"Hiyo zizi," akamuuliza shemeji yake kwa sauti ya chini, akisimama kwa shida, mkono ukishika koti mbele, "mulango yake iko upande gani?"

Mama Alphonsine akaonyesha kwa kidole, hakuweza kusema neno. Alikuwa anacheka na kulia pamoja.

Osée alirudi wa kwanza. Mikono yake ilikuwa imelowa maji, jasho kidogo kwenye paji la uso. Akachuchumaa mbele ya Falone kama siku ile sokoni, akamwangalia, akajua kwamba neno lilikuwa limesemwa.

"Ulienda wapi?" Falone akauliza, akipangusa macho kwa ncha ya kikwembe.

"Kuna mutu aliniita, ndege yangu."

"Njo," akasema. "Leo na miye nilisikia."